Valvu, Damu na Msaragambo: Jinsi Kompyuta Nyingi Zinavyokokotoa Mwendo wa Damu Moyoni

Msichana mwenye ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi anaweza kuzunguka soko la Mbuyuni, Moshi mjini, asubuhi nzima bila kulalamika. Jioni anapopanda kurudi kwao Kibosho hujikuta ameketi kando ya njia, pumzi zimemwishia. Nyumbani watasema ni mlima, au ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Mhudumu wa afya aliye makini ataweka stetoskopu kifuani, na mara nyingi atasikia mngurumo wa chini unaosababishwa na damu inayojipenyeza katika mlango uliosinyaa.

Mlango huo ni valvu ya mitrali, iliyo kati ya atria ya kushoto na ventrikali ya kushoto. Kwa mtu mzima mwenye afya, nafasi yake inapofunguka huwa na eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6. Homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokokasi, hushikanisha kingo za valvu na kuifanya nene na ngumu. Nafasi ikifikia sentimita ya mraba 1.5 au chini ya hapo, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Kwa nini basi mlima hufichua kile ambacho soko halikukifichua? Moyo unaopiga mara 75 kwa dakika hutumia sekunde 0.8 kwa kila pigo, na zaidi ya nusu ya muda huo ni wa ventrikali kupumzika na kujaa. Mapigo yakifika 120 kwa dakika, pigo zima huchukua nusu sekunde, na muda unaopunguzwa zaidi ni ule wa kujaa. Damu inayohitajika imeongezeka, nafasi ya kupita ni ileile finyu, na muda umefupishwa. Njia pekee iliyobaki ni damu kwenda kasi zaidi.

Anayepima kwa mashine ya eko anaifahamu kanuni inayofuata: tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za valvu, kwa milimita za zebaki, ni takribani mara nne ya mraba wa kasi ya damu kwa mita kwa sekunde. Kasi ya 1.5 hutoa tofauti ya 9. Kasi ya 2.5 hutoa 25. Kasi haikufika hata maradufu, lakini shinikizo linalorudi nyuma kuelekea mapafu limekaribia kuongezeka mara tatu. Hali ya mjamzito ni hiyohiyo, ila mlima wake huupanda miezi tisa bila kupumzika. Ndiyo maana wanawake wengi hugunduliwa ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kliniki ya wajawazito.

Kanuni hiyo ina asili katika kazi ya Daniel Bernoulli, aliyechapisha kitabu chake juu ya mwendo wa vimiminika mwaka 1738, na ambaye mwenyewe alikuwa amesomea udaktari. Inatosha kwa kazi ya kila siku ya kliniki. Hata hivyo, imepatikana kwa kuacha mambo mengi kando: mnato wa damu, mabadiliko ya mwendo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na zaidi ya yote, ukweli kwamba valvu yenyewe haitulii. Kanuni huitazama valvu kana kwamba ni tundu katika ukuta. Anayetaka kujua valvu hufungwaje, damu husimama wapi, na bonge la damu huanzia wapi katika valvu ya bandia, hana budi kurudi kwenye hesabu iliyo ngumu zaidi.

Jani la mgomba ndani ya mfongo

Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wanaijua mifongo, mifereji inayochepusha maji ya mito kama Karanga na Weruweru na kuyapeleka mashambani kupitia migombani. Mtu akichomeka jani la mgomba katika mfongo, shina likashikwa na matope na ncha ikaachwa huru, maji hulipinda jani. Lakini jani lililopinda hubadili njia ya maji, na maji yaliyobadili njia hulisukuma jani kwa namna nyingine. Jani huanza kupepea. Hakuna anayeweza kusema jani litakuwa wapi bila kujua maji yanaendaje, wala kusema maji yanaendaje bila kujua jani liko wapi.

Mapazia ya valvu ya moyo, yaani vile vipande vyembamba vinavyofunguka na kufunga, yako katika hali hiyohiyo. Hakuna msuli unaoivuta valvu ya aorta ifunguke, wala neva inayoiamuru ifunge. Damu huisukuma, nayo huielekeza damu. Nyuma ya kila pazia la valvu ya aorta ukuta wa mshipa una uvungu mdogo, na damu inayopita huacha humo kizingia, yaani mzunguko kama ule wa maji nyuma ya jiwe mtoni. Leonardo da Vinci alivichora vizingia hivyo mwanzoni mwa karne ya 16. Sasa inajulikana kwamba mapazia huanza kukaribiana wakati damu ingali inakwenda mbele lakini imeanza kupunguza kasi, na vizingia husaidia valvu kufunga taratibu. Hivyo ni damu kidogo tu inayorudi nyuma.

Milinganyo inayotawala mwendo wa vimiminika yenyewe ni ya zamani. Claude-Louis Navier wa Ufaransa aliiandika mwaka 1822, na George Gabriel Stokes akaikamilisha mwaka 1845. Ugumu ulikuwa kwingine. Ili kompyuta itatue milinganyo hiyo, nafasi iliyojaa damu hukatwa kuwa vijisanduku vidogo, na katika kila kijisanduku hukokotolewa kasi na shinikizo. Ikiwa vijisanduku vinapangwa kufuata umbo la valvu, basi kila valvu inaposogea mpangilio wote hauna budi kupangwa upya. Pazia la valvu husogea sana kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kupanga upya mara maelfu kulikuwa kazi isiyomalizika.

Mwaka 1972 Charles Peskin, aliyekuwa akisoma katika chuo cha udaktari cha Albert Einstein jijini New York, alipendekeza njia nyingine akiwa na valvu za moyo akilini. Vijisanduku vibaki palepale, havisogei kamwe. Valvu iwakilishwe na mlolongo wa nukta zilizounganishwa kama kwa chemchemi ndogo, zinazoelea katikati ya vijisanduku. Katika kila hatua ya muda pazia lililovutwa au kupindwa hutoa nguvu, na nguvu hiyo husambazwa kwenye vijisanduku vilivyo jirani. Kisha mwendo wa damu hukokotolewa kana kwamba hakuna valvu, bali nguvu tu. Mwishowe kila nukta ya pazia husogezwa kwa kasi ya damu iliyo karibu nayo, na hatua nyingine huanza. Damu na pazia hupeana habari kwa zamu. Mbinu hiyo leo hutumiwa kukokotoa mwendo wa samaki majini na wadudu hewani, na ni jambo la kufurahisha kwa watu wa tiba kwamba ilizaliwa kutokana na moyo.

Kazi ya msaragambo

Kiasi cha kazi kinaonekana kwa hesabu ndogo. Tuseme sehemu inayochunguzwa ni sanduku lenye upande wa sentimita 6, likatwe vijisanduku vya nusu milimita. Kila upande utakuwa na vijisanduku 120, na jumla yake ni 1,728,000. Kila kijisanduku kina vitu vinne visivyojulikana: kasi katika pande tatu, na shinikizo. Ikiwa hatua moja ya muda ni sehemu ya kumi elfu ya sekunde, pigo moja la sekunde 0.8 lina hatua 8,000. Kwa pigo moja tu ni lazima zipatikane thamani zaidi ya bilioni 55, na kila moja yahitaji kujumlisha na kuzidisha mara nyingi. Mtafiti akitaka kuona kwa undani maradufu, yaani vijisanduku vya robo milimita, idadi yake huongezeka mara 8, na kwa kawaida hatua za muda nazo hazina budi kufupishwa kwa nusu. Kazi inakuwa mara 16.

Kichakataji kimoja hakiwezi kubeba mzigo huo kwa muda unaofaa. Jibu lake wenyeji wa mlima walilijua kabla ya kompyuta. Mfongo unapojaa matope, mtu mmoja hausafishi. Huitwa msaragambo, kila nyumba ikapewa kipande chake, na wote huanza kwa wakati mmoja. Ukokotoaji sambamba ni msaragambo wa vichakataji.

Katika mfano wetu, sanduku likigawanywa kwa vichakataji 64, vinne kwa kila upande, kila kimoja hupata vijisanduku 30 kwa 30 kwa 30, yaani 27,000. Hapa ndipo ugumu wa pili unapojitokeza, kwa kuwa damu haijui mipaka ya vichakataji. Kijisanduku kilicho pembezoni mwa kipande kimoja hakiwezi kukokotolewa bila kujua hali ya kijisanduku jirani kilicho mikononi mwa kichakataji kingine. Kwa hiyo katika kila hatua vichakataji hutumiana nakala za kingo zao. Kanuni za pamoja za kutumiana ujumbe wa namna hiyo zilitolewa mwaka 1994, na programu nyingi za mwendo wa vimiminika bado zinazifuata.

Kipande cha vijisanduku 27,000 kina nyuso sita za vijisanduku 900, yaani 5,400 vya kupeleka kwa jirani. Hiyo ni sehemu ya tano ya mzigo wake. Mtu akidhani atafaidi zaidi kwa vichakataji 1,728, kila kimoja kitabaki na vijisanduku 1,000 tu, lakini nyuso zake zitakuwa na 600. Sasa zaidi ya nusu ya mzigo ni wa kuulizana na majirani. Vibarua wengi katika mfereji mfupi hugongana majembe.

Kisha kuna valvu yenyewe. Kichakataji chenye pazia ndani ya kipande chake kina kazi ya ziada ya kukokotoa mvutano wa nukta, kusambaza nguvu na kuzisogeza. Kile chenye damu tupu humaliza mapema, kisha hungoja. Ni kama msaragambo ambao nyumba moja imepewa kipande kilichoangukiwa na kingo. Wengine wamekwisha kukaa kivulini, lakini maji hayafunguliwi mpaka yule wa mwisho amalize. Na kwa kuwa pazia linatembea, kipande kigumu hakibaki kwa mtu mmoja. Mwanzo wa pigo ni cha huyu, baada ya sehemu ndogo ya sekunde kimehamia kwa jirani. Nukta za valvu huvuka mpaka na hazina budi kukabidhiwa kwa mwenyeji mpya bila hata moja kupotea. Programu nzuri hugawa upya mzigo mara kwa mara. Mbaya huacha vichakataji vingi vikila umeme bila kazi.

Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 mpaka ambao hakuna wingi wa vichakataji unaoweza kuuvuka. Ikiwa asilimia 5 ya kazi ni lazima ifanywe na mmoja kwa mfuatano, basi hata vikiletwa vichakataji milioni, kazi haitaharakishwa zaidi ya mara 20. Ndiyo sababu maendeleo ya fani hii hayakutokana na mashine kubwa peke yake, bali na kutafuta kwa subira ile asilimia inayokataa kugawanyika.

Peskin na mwenzake David McQueen walifikia moyo mzima wa vipimo vitatu, wenye nyuzi za misuli zilizopangwa kwa kufuata anatomia, wakitumia mashine za Cray zenye vichakataji kadhaa katika kituo cha Pittsburgh nchini Marekani. Nguvu kama hiyo leo si ya nchi za mbali pekee. Kompyuta kubwa ya Texas iliyoitwa Ranger ilipostaafishwa mwaka 2013, sehemu zake zilipelekwa vyuo vikuu vya Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam nayo imewahi kupata mashine sambamba ya familia ya PARAM kwa ushirikiano na India. Kupata vichakataji 64 si ndoto tena. Kilicho adimu ni mtu anayejua milinganyo na moyo kwa pamoja.

Mahali ambapo damu husimama

Valvu ya bandia ya kwanza ya Albert Starr na Lowell Edwards, iliyowekwa mwaka 1960, ilikuwa mpira ndani ya kizimba, na damu ililazimika kuuzunguka mpira. Aina inayotumika zaidi leo miongoni mwa zile ambazo wagonjwa huziita za chuma, ingawa sahani zake kwa kweli ni za kaboni ngumu, ina sahani mbili za nusu duara zinazogeuka kwenye bawaba ndogo. Aina hiyo iliwekwa kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1977.

Uigaji wa kompyuta, ukishirikiana na majaribio ya maabara, umeonyesha mambo mawili kuhusu valvu hizo. Kwanza, sahani zinapofunga, damu kidogo huchirizika kwa kasi kupitia nyufa za bawaba zenye upana mdogo kuliko milimita moja. Humo damu hukwaruzwa. Chembe nyekundu huweza kuharibika, na chembe sahani, zile zinazoanzisha kuganda, huamshwa. Pili, pembeni mwa bawaba na nyuma ya pete ya valvu kuna pembe ambamo damu huzunguka polepole au husimama. Chembe iliyoamshwa kisha ikawekwa mahali patulivu ina kila inachohitaji ili kuanza bonge. Na bonge likikatika kutoka upande wa kushoto wa moyo, njia yake ya karibu ni kwenye ubongo.

Hilo halionekani kwa eko ya kawaida, kwa kuwa nyufa ni ndogo mno na sahani huakisi mawimbi ya sauti. Halihisiwi na mgonjwa pia. Yeye anajiona amepona, anapanda mlima bila kupumzika njiani, na anajiuliza kwa nini aendelee kumeza warfarini na kuteremka mjini kupima damu. Mhudumu akiweza kumweleza kwamba ndani ya valvu yake mna pembe ambamo damu husimama kwa kila pigo, mara zaidi ya laki moja kwa siku, siku zote za maisha yake, amempa sababu iliyo bora kuliko agizo.

Kwa valvu ya mitrali ya bandia ya aina hiyo, kipimo cha INR hulengwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Mgonjwa hakatazwi mnafu, mchicha wala majani ya maboga. Anachotakiwa ni kula kwa kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Mbege nyingi kwa siku moja ya sherehe huvuruga kipimo. Metronidazoli na kotrimoksazoli huongeza nguvu ya warfarini, rifampisini huipunguza sana, na dawa za maumivu kama diklofenaki huongeza hatari ya kutoka damu. Mwanamke anayehisi amepata ujauzito asiache dawa kwa uamuzi wake wala asiendelee nayo kimya. Afike hospitali mara moja, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto katika majuma ya mwanzo, na kuiacha bila mbadala kunaweza kumuua mama. Dawa mpya za kuzuia kuganda, zisizohitaji INR, hazitumiki badala yake kwa valvu hizi. Jaribio la dabigatrani lililochapishwa mwaka 2013 lilisimamishwa mapema, kwa kuwa mabonge na kutoka damu vyote viliongezeka.

Uigaji una mipaka yake, na si haki kuuficha. Matokeo hutegemea ugumu wa pazia uliowekwa na mtafiti, na pazia la mgonjwa wa baridi yabisi, lenye makovu na chokaa, si rahisi kulipima likiwa ndani ya mwili. Kazi nyingi zimeigiza pazia lenye afya au sahani za kiwandani. Pazia lenye kovu la ugonjwa wetu limechunguzwa kidogo, ingawa wagonjwa wake wengi wako katika nchi zetu. Aidha, hakuna kompyuta inayoweza kufanya kazi ya sindano ya benzathini penisilini, ambayo mgonjwa aliyewahi kupata homa ya baridi yabisi huchomwa kila baada ya wiki tatu au nne ili valvu isiharibike zaidi.

Kwa mhudumu wa zahanati asiye na eko wala INR, kuna kipimo kimoja kisicho na gharama. Valvu ya bandia ya sahani hulia, mlio mfupi na mkavu kama wa saa ya ukutani, na usiku wa kimya hata mwenzi wa mgonjwa huusikia. Kila mgonjwa afundishwe kuujua mlio wake. Ukififia au ukipotea, hasa akianza kuhema, sahani inaweza kuwa imeshikwa na bonge, na hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Apelekwe hospitali ya rufaa bila kungoja tarehe ya kliniki, na barua ya rufaa iseme waziwazi ni valvu ya mahali gani, iliwekwa mwaka gani, na dozi ya mwisho ya warfarini ilimezwa lini.